Mzazi na Mwana Aombaye Kuingia Chuo cha Wahandisi

Kila mwaka, Mtihani wa Serikali unapokwisha, jambo moja huzungumzwa sana katika nyumba za Goma, kuanzia Majengo na Ndosho hata Himbi, na katika vijiji vya kando ya mji, Kibumba na Sake, mpaka Rutshuru. Kijana amemaliza masomo ya sekondari. Sasa ataka kwenda chuo kikuu kujifunza uhandisi. Baba amefurahi, lakini moyoni ana hofu. Mama ahesabu fedha usiku. Mjomba asema udaktari ni bora. Jirani asema afadhali kijana auze vocha za simu sokoni, apate kula jasho lake mapema. Kila mmoja ana shauri lake, na kijana mwenyewe mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa amefundishwa kutowajibu wakubwa.

Hapo ndipo lizukapo swali linalostahili kufikiriwa kwa makini. Mzazi ana wajibu gani kwa mwanawe aombaye kuingia chuo? Yampasa kumsaidia mpaka wapi, na yampasa kusimama wapi? Maana msaada una mpaka wake, kama shamba lilivyo na mpaka wake. Anayelima asiufikie mpaka huiacha ardhi yake ikae bure. Naye anayeuvuka hulima shamba la mwingine.

MHANDISI NI MTU GANI?

Yafaa kwanza kuijua kazi yenyewe, kwa sababu wengi huisifu au huiogopa pasipo kuijua. Mhandisi, ambaye watu wengi humwita injenieri, ni mtu aliyejifunza kuzitumia nguvu za dunia kwa faida ya watu: maji, moto, mawe, chuma, umeme. Fundi hujua kutenda, na heshima yake ni kubwa. Mhandisi hudaiwa jambo moja zaidi: ajue kwa hesabu litakalotokea kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Watu wa Kivu ya Kaskazini hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili lishukalo milimani na magunia ya viazi na makala, lilibuniwa na watu wa nchi hii wenyewe. Aliyelitengeneza alipaswa kujua uzito unavyokaa juu ya mbao, na gurudumu linavyoshika njia ya mawe. Mji wa Goma umelipa heshima kwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katika mojawapo ya njia panda zake. Basi akili ya uhandisi si jambo la kigeni katika nchi hii. Chuo huongeza hesabu juu ya akili hiyo.

Mfano mwingine ni kituo cha umeme cha Matebe, katika nchi ya Rutshuru, kilichofunguliwa mwezi wa Desemba 2015. Maji ya mto yamegeuzwa njia, yakaangushwa kwa nguvu juu ya mitambo, na umeme wake, wapata megawati 13, hupelekwa hata Goma. Mtu akiuliza hesabu za shuleni zina faida gani, jibu liko hapo. Maji ya uzito wa tani moja yakianguka mita 10 katika kila sekunde, yana nguvu ya kilowati 98 hivi, kabla ya kuondoa ile inayopotea njiani. Asiyeweza kupiga hesabu hiyo hawezi kujua mtambo uwe mkubwa kiasi gani, wala waya uwe mnene kiasi gani. Akikisia, ama fedha za watu zitapotea bure, ama waya utawaka moto juu ya vichwa vyao.

Tena katika Goma kazi hiyo ina uzito wake wa pekee. Mji umejengwa chini ya mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukateketeza nyumba kwa maelfu pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama kando ya mji. Na chini ya maji ya ziwa Kivu imelala gesi nyingi mno, kiasi cha kilometa 300 za ujazo za hewa ya kaboni na kilometa 60 za ujazo za methani. Huko Kameruni, mwaka 1986, hewa ya kaboni iliyotoka katika ziwa dogo la Nyos iliua watu wapatao 1700 usiku mmoja. Watakaojenga juu ya mawe ya Goma, watakaopitisha mabomba ya maji, watakaoitoa gesi ya ziwa iwe umeme, wataishika mikononi mwao roho ya watu wengi. Neno hili likumbukwe, maana litarudi hapa chini.

JE, MZAZI NDIYE ACHAGUAYE?

Wapo wazazi wema wasemao hivi: “Mtoto wa miaka kumi na saba hajui njaa. Sisi tumeiona vita, tumeukimbia mlima, tumejenga nyumba ya mbao mara mbili na mara tatu. Tena sisi ndio tulipao. Basi sisi ndio tuchague.” Maneno haya yasidharauliwe. Ndani yake mna ukweli. Mzazi humjua mwanawe tangu hajasema. Ajua kama ni mvumilivu au mwepesi wa kuchoka. Aujua pia mfuko wa nyumba, jambo ambalo kijana hulijua nusu tu. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kusema, tena ya kusikilizwa kwa heshima. Na yeye alipaye ana haki ya kuuliza hesabu ya fedha zake.

Lakini haki ya kusema si haki ya kuamua yote. Usiku wa manane, katika mwaka wa kwanza wa chuo, mbele ya hesabu isiyotaka kukubali, kijana hukaa peke yake. Baba hayupo, wala mjomba. Kama hakuichagua kazi ile, atapata wapi nguvu ya kuianza tena hesabu ile mara ya nne? Na baada ya masomo ataibeba kazi hiyo miaka thelathini au arobaini, wakati ambapo wazazi pengine wamekwisha kulala kaburini. Si haki mtu mmoja auchague mzigo na mwingine aubebe maisha yake yote. Wahenga walisema: Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili ni wazi. Wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, wala hakuna shule iwezayo kushika mahali pao. Walakini mtoto akiwa mtu mzima, yeye mwenyewe ana haki na wajibu wa kuchagua kazi yake, kama alivyo na haki ya kumchagua mwenzi wake wa ndoa. Wazazi humpa shauri, wala hawamlazimishi. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haifi kamwe; lakini heshima ni kuwasikiliza kwa unyofu, kuwaambia kweli, na kuwatunza uzeeni. Amri hiyo haimtaki mtu mzima awakabidhi wengine dhamiri yake.

Kuna na kosa la upande wa pili, nalo halitajwi sana. Ni kosa la mzazi asemaye: “Mwanangu ni msomi, mimi sikusoma, na afanye apendavyo.” Maneno hayo yafanana na unyenyekevu, kumbe pengine ni uvivu. Kijana aweza kuchagua uhandisi kwa sababu jina lake linapendeza, au kwa sababu rafiki zake wote wamekwenda huko, au kwa sababu alimwona mtu mmoja mwenye kofia ya chuma na gari zuri. Ni nani atakayemzindua? Mzazi asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kumwuliza maswali matatu. La kwanza: “Katika kazi hiyo wapenda kufanya nini hasa, siku kwa siku?” La pili: “Alama zako za hesabu na fizikia zimekuwaje katika miaka hii mitatu?” La tatu: “Ni nani uliyemwona kwa macho yako akiifanya kazi hiyo, naye alikuambia taabu zake?” Kijana akiyajibu maswali haya vizuri, amekwisha kuijua nusu ya njia. Akishindwa kuyajibu, hajakatazwa kwenda. Ila amejua ni wapi aanze kutafuta.

JE, MZAZI AWEZA KUMNUNULIA MWANAWE NJIA?

Jaribu kubwa ndilo hili. Wapo wauzao majibu ya mtihani kwa njia ya simu. Wapo wanong’onao kwamba bahasha ndogo yaweza kulainisha moyo wa msahihishaji. Wapo hata wauzao cheti chenyewe. Na mzazi ambaye ameona mambo mengi husema: “Wote wanafanya hivyo. Mwanangu akianguka kwa uaminifu wake, ni nani atakayemhurumia? Nami nampenda.”

Hoja hii ina nguvu, kwa sababu hutoka katika upendo na katika uchungu wa nchi ambamo mwenye haki mara nyingi hukosa. Kwa hiyo haitoshi kusema tu kwamba rushwa ni dhambi. Yafaa kutazama ni nani huumizwa nayo.

Kwanza huumizwa mtoto wa jirani. Nafasi katika chuo zina idadi. Aliyepata nafasi kwa bahasha amemwondoa mwingine asiyeonekana, labda mtoto wa mjane wa Sake, aliyesoma usiku kwa mwanga wa simu. Kwa kuwa mtoto huyo hana sura machoni pa mnunuzi, wizi huo huonekana kama si wizi.

Pili huumizwa watu watakaoishi chini ya kazi yake. Hapo neno la kwanza larudi. Katika kazi nyingine mjinga aweza kufichwa na wenzake. Daraja halifichi mtu. Maji ya mto hayasomi cheti, wala mlima hauheshimu muhuri. Nguzo iliyopigiwa hesabu mbovu itaanguka siku moja, na itawaangukia watu ambao hawakupokea wala hawakutoa bahasha yoyote.

Tatu huumizwa kijana mwenyewe. Mtihani ulikuwa kipimo cha kumwambia kweli: kama awezavyo kuvuka mto huu, au kwanza ajifunze kuogelea. Anayemnunulia majibu amevunja kipimo, kisha amemsukuma majini. Katika mwaka wa kwanza mwalimu atafundisha hesabu akidhani ya sekondari yamekwisha kuingia kichwani. Kijana atasikia kama asikiaye lugha ngeni. Wengi hurudi nyumbani namna hiyo, fedha za mwaka mzima zikiwa zimepotea.

Na kuna jeraha la ndani zaidi. Kijana amwonaye baba yake akimlipia majibu hujifunza mambo mawili kwa siku moja. Hujifunza kwamba ukweli wauzwa. Na hujifunza kwamba baba yake mwenyewe hakuamini kama yeye aweza. Jambo hili la pili huuma kwa miaka mingi, ingawa kijana hatalisema.

Hapa wengine huuliza: “Je, kumlipa mwalimu afundishe masomo ya jioni ni rushwa pia?” Sivyo. Fundi hulipwa kwa kazi yake, na mwalimu hali kadhalika. Fedha ikinunua saa za kufundishwa, ni malipo ya haki. Ikinunua alama, ni rushwa, hata ikiitwa zawadi. Mwenye mashaka na ajiulize hivi: Naweza kulitaja jambo hili kwa sauti mbele ya wazazi wote wa darasa, na mbele ya mwanangu mwenyewe? Akiona haya kulitaja, na aliache.

JE, NYUMBA NZIMA ITOLEWE KWA MTOTO MMOJA?

Chukua mfano wa baba mmoja mkulima wa Kibumba, mwenye watoto sita, shamba moja na ng’ombe mmoja. Mtoto wake wa kwanza amefaulu vizuri katika hesabu na fizikia, naye ataka kujifunza umeme. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi tena. Lakini ya sekondari yalipiwa, na daftari na viatu vyanunuliwa. Baba ashikwa na furaha, asema: “Nitauza shamba.”

Kabla ya kuuza, na aketi kitako ahesabu, kama mtu yule wa Injili aliyetaka kujenga mnara. Kwa desturi masomo ya mhandisi katika Kongo huchukua miaka mitano. Katika mpango mpya, ambao vyuo vilianza kuufuata katika mwaka wa masomo 2021-2022, kuna miaka mitatu ya shahada ya kwanza, kisha miwili ya shahada ya pili. Baadhi ya vyuo hutaka pia mtihani wa kuingia, au mwaka mzima wa matayarisho kwa wale ambao hesabu zao hazijatosha. Wazazi wengi huuza mali wakiufikiria mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili ukifika, shamba limekwisha na masomo bado.

Na ahesabu pia umbali. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kitivo chake cha uhandisi, lakini toka Goma ni zaidi ya kilometa 1500. Chuo Kikuu cha Lubumbashi chajulikana kwa elimu ya madini, lakini nako ni zaidi ya kilometa 1000. Katika Goma yenyewe kipo Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, kilichoanzishwa na Makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1985, kifundishacho uhandisi wa majengo na wa umeme. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini; kiwanja cha ndege kikafungwa, na benki zikafunga milango yake. Wazazi waliokuwa na watoto mbali walijua siku hizo maana ya umbali: fedha haikupita, na mtu hakupita. Chuo cha karibu ambapo mtoto aweza kula nyumbani pengine ni chema kuliko chuo chenye jina ambapo atashinda na njaa.

Sasa kuhusu shamba lenyewe. Ni haki baba kutumia mazao kwa ajili ya mtoto mmoja, maana kila mtoto ana zamu yake. Lakini shamba ni mali ya wote walao humo: mama alilimaye, na wale watano wadogo wasioweza bado kusema. Kuwalisha watano ni deni la baba kama kumsomesha wa kwanza. Ngazi ya mtoto mmoja isitengenezwe kwa chakula cha ndugu zake. Kama mama na wakubwa wa nyumba, baada ya kuhesabu, wakubali wote kwa hiari kuuza sehemu, hilo ni shauri lao. Lakini mali ya wote isiuzwe kwa furaha ya mtu mmoja katika siku moja. Zipo njia nyingine: likelemba ya akina mama, akiba ya kila mavuno, kazi ya kijana mwenyewe katika likizo. Haba na haba hujaza kibaba. Hata kungoja mwaka mmoja huku akifanya kazi na kuweka akiba si aibu, wala si mwisho wa masomo.

Liko na jambo lingine. Aliyepewa na awe na shukrani. Ni wajibu wake kuwakumbuka ndugu zake atakapopata kazi. Lakini mzazi asiseme: “Tuliuza ng’ombe kwa ajili yako, basi utafanya kazi tuliyotaka, na mshahara wako ni wetu.” Asemaye hivyo amegeuza zawadi kuwa biashara, na mtoto kuwa bidhaa. Shukrani iliyodaiwa kwa nguvu hufa kama mbegu iliyopandwa juu ya mwamba.

BINTI NAYE

Katika nyumba nyingi mambo huwa hivi: kaka ana alama 55 katika hesabu, dada ana 72. Jioni ikifika, kaka hupewa taa na meza, dada hupewa dumu akachote maji, kisha awashe makala, kisha amwogeshe mdogo. Saa nne ya usiku amekwisha kuchoka. Mwisho wa mwaka watu husema: “Wasichana hawana kichwa cha hesabu.”

Maneno hayo yamekanushwa na matendo. Roboti kubwa za kuongoza magari zilizoanza kuonekana katika njia panda za Kinshasa mwaka 2013 zilitengenezwa na kundi la wahandisi wa Kongo lililoongozwa na mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi. Kama wazazi wake wangalimfungia jikoni, Kinshasa isingaliziona roboti zile.

Injili yaeleza habari za bwana aliyewapa watumishi wake talanta, akarudi kuwadai hesabu. Mtumishi mmoja aliifukia yake ardhini. Mzazi anayemnyima binti yake saa za kusoma huifukia talanta isiyo yake. Ni ya binti. Haisemwi kwamba binti asichote maji. Kazi za nyumbani ni za wote walao nyumbani, basi na kaka ashike dumu.

MAMBO AWEZAYO MZAZI

Baada ya kuyaona yasiyofaa, yafaa kuyataja yale ambayo mzazi yeyote, hata asiye na fedha wala masomo, aweza kuyafanya.

1. Ampe mtoto saa na mwanga. Katika miezi mitatu ya mwisho kabla ya mtihani, apunguziwe kazi za jioni. Saa mbili tulivu kila siku ni msaada mkubwa kuliko suruali mpya.

2. Aende shuleni kabla ya mtihani, amwulize mwalimu wa hesabu na wa fizikia kwa upole: “Mwalimu, waona nini kwa mtoto wangu?” Naye asikilize jibu lote, hata lisilopendeza.

3. Amtafutie kijana mahali pa kuiona kazi. Kwa fundi wa umeme, kwa waashi wa nyumba ya mawe, kwa watu wa mabomba ya maji. Wiki mbili za likizo zatosha kumwonyesha kama moyo wake uko kweli huko.

4. Azitunze karatasi: cheti cha kuzaliwa, buletini za miaka yote, picha. Azitie katika mfuko wa plastiki mmoja, mahali pajulikanapo na wote. Watu wa Goma wajua jinsi nyumba iwezavyo kuachwa kwa dakika chache.

5. Wahesabu fedha pamoja, mzazi na kijana, bila kufichana. Kijana ajuaye kiasi kilichopo hutumia kwa adabu. Kijana aliyefichwa hudhani mfuko hauna mwisho.

6. Wachague njia mbili, na si moja. Ya kwanza ni chuo atakacho. Ya pili ni ile watakayoifuata kama ya kwanza imefungwa, kwa mfano chuo cha ufundi cha miaka michache.

7. Asimwandikie yeye barua yake ya maombi, wala asimtafute mtu wa kumwandikia. Amsikilize akiisoma kwa sauti, amwulize: “Hapa ulitaka kusema nini?” Barua yenye kosa moja dogo iliyoandikwa na mwenyewe ni kweli, barua nzuri ya mwingine ni uongo wenye mwandiko mzuri.

NA AKISHINDWA?

Majibu ya mtihani siku hizi huja kwa simu. Katika nyumba moja watu hupiga vigelegele na kupakana unga. Katika nyumba ya pili pako kimya. Katika ile nyumba ya pili, neno la kwanza atakalolisema mzazi litakaa ndani ya mtoto kuliko masomo ya miaka sita.

Kushindwa mtihani si dhambi. Kushinda kwa hila ndiyo dhambi. Aliyeshindwa kwa uaminifu aweza kurudia mwaka ujao, akijua sasa ni wapi palipovuja. Aweza pia kuona kwamba mikono yake yafaa kwa ufundi kuliko kwa hesabu ndefu, akawa fundi mwema ambaye wahandisi wenyewe watamtafuta. Nyumba za Goma zimesimama tena juu ya mawe ya moto mara nyingi kwa mikono ya waashi wasio na shahada, nao ni watu wa kuheshimiwa.

Mzazi asimlinganishe na mtoto wa jirani usiku ule. Asizitaje fedha. Na amwambie tu: “Mwanangu, kaa ule. Kesho tutazungumza.” Maana kijana ajuaye kwamba mlango wa nyumbani hautafungwa akianguka, hana sababu ya kusema uongo ili asimame. Na kijana wa namna hiyo, siku atakapojenga daraja, akiona kosa katika hesabu yake mwenyewe, atathubutu kulisema kabla watu hawajapita juu yake.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Kuna tofauti gani kati ya kumpa mtoto shauri na kumlazimisha? Taja mfano mmoja wa kila namna.

2. Mzazi asemaye “afanye apendavyo” amekosa nini?

3. Ni watu gani watatu huumizwa alama zinaponunuliwa? Ni yupi kati yao husahauliwa kwa urahisi?

4. Kwa nini baba wa Kibumba asiuze shamba peke yake?

5. Katika nyumba yako, jioni, ni nani hupewa taa na ni nani hupewa dumu?